Malalamiko kwa kampuni ya matembezi: chumba cha upasuaji cha 1822 si mahali pa vitisho

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: ZIARA YA MAKUMBUSHO YA OLD OPERATING THEATRE, LONDON

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mratibu wa kundi la wauguzi kutoka Kenya na Tanzania tunaofanya kazi hapa Uingereza. Jumamosi iliyopita mlitupeleka kwenye makumbusho hayo, yaliyo ndani ya chumba cha kale cha upasuaji, nasi tulikuwa tumelipia kile ambacho tangazo lenu linakiita "maelezo ya kina ya historia ya tiba". Maelezo hayo hatukuyapata.

Mwongoza watalii wenu alisimama kando ya ile meza ya mbao ya upasuaji, akaiga mlio wa msumeno kwa mdomo, akauliza nani kati yetu yuko tayari kukatwa mguu. Mahali pale alipaita bucha. Ndugu Meneja, waliolazwa juu ya meza ile walikuwa wanawake maskini, wagonjwa wa hospitali ya St Thomas', kwa kuwa matajiri walipasuliwa majumbani mwao. Chumba kilijengwa darini mwa kanisa mwaka 1822, kikiungana na wodi ya wanawake. Wanafunzi wa udaktari walijipanga kwenye ngazi za mbao kukizunguka, wakimtazama mgonjwa anavyoteseka. Chini ya sakafu palijazwa vumbi la mbao ili damu isivujie kanisani. Ukutani pameandikwa kwa Kilatini kwamba kazi ile hufanywa kwa huruma, si kwa malipo. Mtu wenu aliyapa mgongo maandishi hayo muda wote, wala hakuyataja.

Baya zaidi, alituambia kwamba tangu mwanzo wagonjwa walilazwa usingizi kwa dawa ya kloroformu. Si kweli. Etha, nayo dawa ya usingizi, ilianza kutumika katika upasuaji hapa London Desemba 1846, na kloroformu ikafuata mwaka 1847. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 wanawake wale walikatwa wakiwa macho, wameshikiliwa. Ukiliondoa hilo, umeondoa sababu yenyewe ya mtu kupanda kule juu.

Na kwa kundi la wauguzi, kutosikia hata neno moja kuhusu Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, hadi mwenzetu mmoja alipouliza! Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali hiyohiyo, miaka miwili kabla haijahama kupisha reli.

Kuna pia suala la ngazi. Mlituandikia kwamba panafikika kwa urahisi, kumbe ni ngazi 52 nyembamba za kuzunguka. Dada yetu mkubwa, muuguzi mstaafu mwenye maumivu ya magoti, alibaki barabarani peke yake mpaka tuliposhuka. Wahudumu wa makumbusho hawana lawama. Walitupokea vizuri na kujibu maswali ambayo mtu wenu aliyakwepa.

Naomba mmrudishie dada huyo fedha zake zote, na sisi wengine nusu. Naomba pia tangazo lenu litaje ngazi hizo waziwazi, na mwongoza watalii huyo asipeleke kundi jingine pale kabla hajafundishwa historia ya mahali hapo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mratibu wa kundi la wauguzi