Kabula, mpigie mama simu

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Kabula wangu,

Mwangaluka! Najua ni jioni, pokea hivyo hivyo. Sisi wazima. Masanja na mtumbwi wake usiulize.

Nakuandikia kwa ajili ya mama. Nilimpitia Igoma kumpelekea dagaa, nikakuta vidonge vya presha vimejaa kwenye kopo. Ameacha. Eti miguu inavimba na kichwa hakimuumi, sasa anywe vya nini? Jirani kamwambia mchaichai unatosha.

Nikakaa kumweleza (usinicheke, ndiyo ada ya baba inarudi). Ukuta wa mshipa wa damu una misuli laini, hiyo haingoji amri yetu. Kalisiamu ikiingia ndani ya seli inashikana na kalmodulini, protini ya humo ndani, kimeng'enya kinaamka, mayosini (protini inayokaza misuli) inavuta, mshipa unabana. Mshipa mdogo ukibaki nusu ya upana wake, damu inapata ukinzani mara 16! Amlodipini, hivyo vidonge vyake, inaziba vijia vya hiyo kalisiamu, misuli inalegea. Mama akauliza: ndiyo kalisiamu ya kwenye dagaa? Ndiyo hiyo hiyo, nikamwambia, ila dagaa kula tu, mwili wenyewe unajua kupima ya kwenye damu. Akacheka, nikadhani nimeshinda. Wapi!

Miguu kuvimba mara nyingi ni dawa yenyewe: mishipa inayopeleka damu inalegea kuliko inayorudisha, maji yanavuja kwenye nyama. Hata hivyo daktari amwone, asikisie mtu. Anaweza kumpunguzia dozi au kumpa losatani, dawa nyingine ya presha, inayozuia ujumbe wa angiotensini, homoni inayobana mishipa. Huo ndio unaonitisha mimi, kwa sababu haubani tu. Ukiachiwa miaka, seli za misuli zinanenepa, ukuta unakuwa mnene na mgumu, na mwenye mwili hasikii kitu. Kichwa hakimuumi! Baba naye kilimuuma lini kabla ya... basi, tuyaache.

Mimi ananiona mtoto wa juzi. Wewe anakusikiliza. Mpigie kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ya kliniki, nitampeleka mwenyewe.

Kadi yake ya kliniki uliondoka nayo? Bima yake umeilipia? Yule mchumba wa Dodoma amefikia wapi, au nisiulize? Na Krismasi mnakuja, au ni maneno ya mwaka jana tena?

Wako,
Neema