Sindano haiinui mfupa wa kwato

"Nimelipa shilingi 1,500 na ng'ombe bado achechemea." Kila msimu wa maembe ukipita sisi wachonga kwato za ng'ombe tunaletewa maneno hayo, na mteja mmoja wa Gede ameongeza kuwa tumemlia pesa. Tulipomfuata tukakuta kibao tulichokigandisha kwenye ukucha usio mgonjwa wa mguu huo kimebanduliwa, ati kilimsumbua ng'ombe. Kibao ndicho kinachoning'iniza ukucha mgonjwa usikanyage. Ukikitoa, umetoa matibabu.

Ganda la ukwato ni gumu, halitanuki. Ndani yake mfupa umeshikiliwa na nyuzi, na chini ya mfupa pana nyama laini yenye mishipa tele ya damu. Ng'ombe akibugia maembe au unga wa mahindi kwa mkupuo, tumbo kubwa linachacha. Vijidudu vya tumboni vinakufa na kuachia sumu, ukuta wa tumbo unachubuka, sumu inaingia kwenye damu. Mishipa ya ukwatoni inavuja, nyama inavimba na haina pa kwenda. Nyuzi zikilegea, mfupa unashuka na kuikandamiza nyama hiyo juu ya soli, yaani sehemu ya chini ya ukwato; hapo ndipo kidonda cha soli kinapotokea. Aliyezaa juzi yuko hatarini zaidi, maana uzazi wenyewe hulegeza nyuzi hizo, sembuse akishinda amesimama kwenye saruji.

Damu iliyovuja huioni siku hiyo. Soli ina unene wa kama milimita 10, nayo hukua kama milimita 5 kwa mwezi, basi alama ya damu huchukua kama miezi miwili kufika chini. Kwa hivyo akichechemea Machi, nitakuuliza alikula nini Januari. Wengine hudhani nakwepa lawama.

Njia ya mkato ni sindano ya antibayotiki kutoka duka la dawa za mifugo. Hiyo ni ya kwato kuoza: uvimbe katikati ya kucha, harufu kali, homa. Kidonda cha soli hakiponi hivyo. Mama mmoja wa Mambrui alidunga na kurudia, maziwa akiyamwaga kwa sababu ya dawa. Tulipopitisha kisu, usaha ulikuwa umefika kwenye kiungo. Ng'ombe akawa wa kuchinjwa, na hata mchinjaji ilibidi angoje dawa iishe mwilini.

Kwa hiyo 1,500 ni ya kisu, kibao, gundi na mkono usiogusa nyama hai. Dawa ya uvimbe na maumivu ataandika daktari wa mifugo. Pumba igawanyeni kidogo kidogo, majani yatangulie. Na tukija, ng'ombe awe kivulini, miguu imeshaoshwa. Kukwangua kinyesi hatutozi, ila twachelewa kwa jirani.