Jumamosi: kuziba matundu ya panya, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum, habari za jioni majirani wa Bagamoyo.

Mvua zimeanza na panya wanatoka vichakani na kwenye mikoko kuingia majumbani. Tuzibe pamoja, maana ukiziba peke yako wanahamia kwa jirani.

Tukutane Jumamosi hii saa 1:00 asubuhi, barazani kwa mwenyekiti wa mtaa.

1. Mchango ni shilingi 10,000 kwa nyumba, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Tutanunua chokaa, mchanga na wavu wa chuma. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Sementi hufungia unyevu ndani. Wazee wanaoishi peke yao wasichangie, vijana watawafanyia.

2. Kagueni mapema: panapopita bomba na nyaya, kwenye vichwa vya boriti, chini ya milango. Tundu la milimita 6, upana wa penseli, linamtosha panya mdogo. Ukutani mkiona mchirizi mweusi wenye mafuta, hiyo ndiyo njia yao. Wekeni alama ya chaki.

3. Kinyesi kisifagiliwe kikavu. Vaeni glavu, nyunyizieni maji yenye klorini, subirini dakika 5, kisha futeni.

Sumu naomba sana tuiache. Watoto, paka na bundi hudhurika, na panya akifia darini mnaijua harufu yake. Mitego inatosha.

Tafadhali kila nyumba ijibu hapa kabla ya kesho usiku: mtakuwepo au la, na mmeona matundu mangapi.