Shukrani kwa bi mkubwa wa Mtaa wa Gizenga

Assalaam aleikum. Shukrani hizi ni za yule bi mkubwa aliyesimama mezani pangu pa vidani, Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, wakati nahangaika kulifunga jiwe la akiki kwa waya liwe kidani. Jina hakuniachia.

Akiki ile haina tundu, nayo imesuguliwa mpaka inateleza kama sabuni. Bi mkubwa aliomba koleo, akalifunga utepe mdomoni lisichune waya, akalaza nyuzi tatu za shaba za milimita 0.8 sambamba na kuzikaza katikati kwa waya mwembamba, mizunguko ikigusana. Akazizungusha ubavuni mwa jiwe. Kisha uzi wa mbele akauvuta ndani kidogo kwenye pembe, na wa nyuma vivyo hivyo. "Lishike mabegani, mwanangu, uso uache wazi." Nikalitikisa, wapi! Halikutoka.

Kilichonishangaza zaidi ni moto. Shaba ukiikunja-kunja inakuwa ngumu, mwisho inakatika, na mimi siku zote nilidhani waya wenyewe ni mbovu. Yeye akaupeleka kwenye jiko la muuza kahawa, ukaiva mwekundu, akautia majini. Ukatoka mlaini, mweusi kwa ule moto, ukasuguliwa kwa ndimu na chumvi ukang'aa.

Pesa alikataa, hata kahawa alijilipia. Mungu akuzidishie, bi mkubwa. Kidani kile nimekiweka kando, watalii wakiulizia nawaambia kina mwenyewe. Jioni nipo, pita ukichukue.