Sindano ya kupunguza mwili si dawa ya mwezi mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu sindano za kupunguza mwili, ambazo siku hizi zinatajwa saluni, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya WhatsApp kuliko zinavyotajwa kliniki. Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa haipiti wiki bila mtu kunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, ile sindano mnayo?" Hana haja ya kuitaja jina, kwa maana anajua kwamba nimeshaelewa.

Sisemi kwamba sindano hizi ni mbaya. Ni dawa halali, zimefanyiwa utafiti mkubwa, na wapo watu ambao zimewarudishia afya. Ninacholalamikia ni kwamba dawa iliyotengenezwa itumike kwa muda mrefu, chini ya macho ya mtaalamu, huku kwetu inauzwa kalamu moja moja (kalamu ndiyo sindano yenyewe, yenye umbo la kalamu na dawa ndani yake) kama dawa ya mafua, kwa mtu ambaye hakuna aliyemweleza kitakachofuata kalamu hiyo ikiisha.

Mtu akila, utumbo wake hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huchochea kongosho kutoa insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Homoni hiyo ya asili hudumu katika damu kwa dakika chache tu, na kazi ya wanasayansi ilikuwa kutengeneza mfano wake usioharibika upesi. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa katika sumu ya mjusi wa jangwani. (Mteja mmoja aliposikia hayo aliniuliza kama basi ni halali kwake kuitumia, nilimjibu kwamba dawa inatengenezwa kiwandani, hakuna mjusi anayekamuliwa.) Baadaye ikaja semaglutidi, ambayo chomo lake moja hufanya kazi wiki nzima. Kwa jina la Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na kwa jina la Wegovy, mwaka 2021, kwa ajili ya unene. Tirzepatidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro, ilifuata mwaka 2022 na huigiza homoni mbili badala ya moja.

Je, zinapunguza mwili? Zinapunguza. Jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha watu 1,961 wenye unene au uzito uliozidi, wasio na kisukari. Baada ya wiki 68, waliochomwa dawa walikuwa wamepungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4, ingawa makundi yote mawili yalipewa ushauri uleule wa chakula na mazoezi. Hiyo asilimia 2.4 naomba isomwe mara mbili na wale wanaoandika kila siku kwamba mtu mnene ni mvivu wa kujizuia, kwa sababu watu hao walishauriwa, walifuatiliwa kwa zaidi ya mwaka, na bado miili yao haikukubali kuachia zaidi ya kilo mbili au tatu.

Wauzaji wa mitandaoni huishia kwenye hiyo asilimia 15, ilhali habari yenyewe inaendelea. Sehemu ya washiriki wa jaribio lile waliangaliwa kwa mwaka mmoja zaidi baada ya kuacha dawa, na ikaonekana kwamba walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupunguza. Chukulia mama mwenye kilo 100 aliyeshuka hadi 85. Akiacha sindano, mwaka unaofuata anaweza kujikuta yuko karibu na 95. Wala hilo si kosa lake. Dawa ilikuwa inashikilia njaa, na ilipoondoka njaa ikarudi, kama vile presha inavyopanda kwa mgonjwa aliyeacha vidonge vyake. Hakuna anayemcheka mgonjwa wa presha kwa kumeza vidonge miaka kumi, lakini sindano hii tunataka iwe ya kumvusha bibi harusi kutoka kicheni pati hadi ukumbini, kisha asahau.

Na hata hiyo miezi ya mwanzo ina ngazi zake. Mtumiaji wa semaglutidi kwa ajili ya unene huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, akakaa hapo wiki nne, kisha 0.5 wiki nne, 1 wiki nne, 1.7 wiki nne, ndipo afike miligramu 2.4, ambayo ndiyo dozi iliyoleta yale matokeo yanayosifiwa. Maana yake ni kwamba miezi minne ya kwanza ni ya kuuzoesha mwili, na mtu mwenye fedha za kalamu moja au mbili tu ananunua kichefuchefu, kwani faida yenyewe hataifikia. Nimeshawaambia wateja hivyo waziwazi, wengine wakakasirika na kwenda kununua kwingine.

Shemeji yangu ni mmoja wa waliokwenda kwingine, na ameniruhusu nieleze yaliyompata. Aliona tangazo kwenye simu, akatuma fedha, na siku ya pili saa saba mchana, katika joto la Februari ambalo wakazi wa Dar es Salaam tunalijua, bodaboda akamletea kalamu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Haikuwa na boksi, haikuwa na barafu wala karatasi ya maelezo. Muuzaji alimwandikia ujumbe kwamba dozi ya chini "inachelewesha", hivyo aanze na miligramu 1 moja kwa moja. Alitapika siku tatu mfululizo, na siku ya nne tukampeleka hospitali akatundikiwa dripu. Alipompigia muuzaji, namba ilikuwa imeshamfungia. Kalamu hiyo ninayo hadi leo, na hata kwa utaalamu wangu siwezi kuapa kilichokuwa ndani yake.

Sababu ya kutoweza kuapa ni mbili. Ya kwanza ni joto: kalamu ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, isigande, na ikishaanza kutumika ina wiki chache tu zilizotajwa kwenye maelezo yake, tena mahali pasipozidi nyuzi 30. Droo ya saluni na buti ya gari hazina sifa hizo. Ya pili ni dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu matoleo bandia ya Ozempic yaliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Nchini Austria, mwaka huohuo wa 2023, watu walilazwa kwa sababu sukari yao ilishuka ghafla, na mamlaka za huko zikaeleza kwamba kalamu walizotumia huenda zilikuwa na insulini badala ya semaglutidi. Insulini kwa mtu asiye na kisukari inaweza kuua usiku mmoja. Ikiwa nchi zenye maabara kila kona zimepenyezewa bandia, sisi tunaonunua kwa picha ya kwenye simu tuna kinga gani?

Yapo mambo mengine ambayo muuzaji wa simu hana muda wa kuyauliza, na mimi huyauliza hata mteja akinuna. Kama katika ukoo wake kuna aliyepata ile saratani ya tezi ya shingo iitwayo medula, dawa hizi hazimfai. Kama amewahi kuugua kongosho, au ana mawe kwenye nyongo, daktari lazima ajue kwanza. Kama anatumia insulini au vidonge vya kusukuma kongosho, sukari inaweza kushuka kupita kiasi asipopunguziwa dozi. Kama anatarajia kufanyiwa upasuaji, amweleze daktari wa usingizi, kwa sababu chakula hukaa tumboni kuliko kawaida na kinaweza kupanda kwenye mapafu akiwa hajitambui. Anayefunga Ramadhani huku anatapika au kuharisha hupoteza maji kiasi cha kuumiza figo, naye anahitaji kushauriana na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kwa wanawake, ambao kwa ninavyoona ndio wengi wa wanunuzi, kuna jambo ambalo sijaliona kwenye tangazo hata moja. Tirzepatidi hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ndiyo maana watengenezaji wenyewe wanashauri njia nyingine itumike kwa wiki nne mtu anapoanza dawa na kila dozi inapopandishwa. Pia mwili ukipungua, hedhi iliyokuwa imepotea inaweza kurudi, na mimba ikashika pasipotarajiwa. Semaglutidi haitakiwi wakati wa ujauzito, na anayepanga kushika mimba huiacha miezi miwili kabla. Nimeshapata mteja aliyekuja kununua kipimo cha mimba na kalamu ya pili kwa pamoja. Nilimuuzia kipimo.

Najua kwa nini watu wananong'ona badala ya kuuliza. Sisi ni kizazi tulichokulia mahali ambapo mke kunenepa baada ya ndoa ilikuwa sifa ya mume, na miaka ya tisini mtu akikonda majirani walikuwa wanamzika kabla hajafa. Leo picha za kwenye simu zimegeuza yote hayo, lakini aibu imebaki palepale: mnene anaona haya kwa unene wake, na anayejitibu anaona haya kwa kujitibu. Mtu mwenye aibu hanunui kwa daktari. Hununua kwa yule asiyemuuliza maswali, na hapo ndipo wauzaji wa vichochoroni wanapopatia riziki. Unene uliozidi ni ugonjwa unaobeba kisukari, presha na maumivu ya magoti, na mwenye nao anastahili kukaa kwenye benchi la kliniki bila kuinamisha kichwa. Vilevile asiye nao anastahili kuambiwa kwamba dawa si yake. Kwa kawaida hutolewa kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) umefika 30, au 27 akiwa na ugonjwa unaoambatana na unene. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni takriban kilo 77, au 69 kama ana presha au kisukari. Dada wa kilo 62 anayetaka gauni limkae vizuri hayumo katika hesabu hiyo. Kila kalamu anayoichukua, tena, ni kalamu iliyotoka kwenye fungu la mgonjwa wa kisukari; Marekani yenyewe iliorodhesha semaglutidi kama dawa adimu kuanzia mwaka 2022 hadi mapema 2025.

Naandika sasa kwa sababu mambo yanakaribia kupanuka. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo, pamoja na unene. Hataza ya semaglutidi, yaani haki ya mwenye nayo kuitengeneza na kuiuza peke yake, nayo inafikia mwisho mwaka 2026 katika nchi kadhaa, India ikiwamo, na India ndiko zinakotoka nyingi ya dawa tunazouza. Bei itashuka, nami nitafurahi ikishuka, ila utaratibu wa kuuza ukibaki ulivyo, tutakuwa tumerahisisha yaliyompata shemeji yangu.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kila mama wa nchi hii anaijua kadi ya kliniki ya mtoto, yenye mstari wa kilo unaopanda mwezi kwa mwezi. Anayeanzishiwa sindano hizi naye apewe kadi yake, iandikwe uzito, presha, sukari, dozi na tarehe ya kurudi, na famasi isimuuzie kalamu inayofuata bila kuiona kadi hiyo pamoja na cheti cha daktari. Kabla ya kalamu ya kwanza, mnunuzi apigiwe hesabu ya mwaka mzima, aamue akiwa anajua. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo iwafuate wanaouza kwa simu kama inavyokagua maduka yetu sisi wenye vibali. Na wafamasia wenzangu, ambao baadhi yetu tunauza bila cheti kwa kuogopa mteja atakwenda duka la jirani, tukubaliane kumwacha aende.

Maelezo yaliyomo ndani ya boksi yanakuja kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mimi huzisomea miwani. Wakati tukisubiri mengine, nimeandika nusu ukurasa kwa Kiswahili: jinsi ya kuanza, mahali pa kuchoma, jinsi ya kuhifadhi, dalili za kukimbilia hospitali, na mstari wa mwisho unaouliza, "Kalamu ya mwezi wa sita utainunua kwa fedha ipi?" Namkabidhi kila anayeniuliza, anunue asinunue. Nakala moja nimeiambatanisha na barua hii, Ndugu Mhariri, iwapo gazeti lako litapenda kuichapisha.

Wako,
Mfamasia, Temeke, Dar es Salaam