Barua kwa Mwanaidi: wazee wa huku na chai yao

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila baridi ya Julai hapa Sydney inatutafuna mifupa.

Umeniandikia kwamba wazee wa mtaani hawaji kupimwa presha hata ukiwapitia nyumba kwa nyumba na mkoba wako, na kwamba bango lako limeshafunikwa na tangazo la maulidi. Nimecheka mpaka basi. Sasa nikusimulie ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii ya Australia, maana kazi yangu ya kutunza wazee hunipeleka kwao kila Jumatano.

Hawa wana sababu ya kuziogopa ofisi. Hadi miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikiwanyang'anya watoto wao na kuwalea kwenye makao au kwa Wazungu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, lakini watoto wale ndio wazee wa leo. Mtu aliyekulia kwenye makao utamwambiaje ahamie nyumba ya wazee? Kengele ya chakula tu yatosha kumrudisha kule.

Ndiyo maana mwaka 1971, mtaa wa Redfern hapa Sydney, walifungua zahanati yao wenyewe, ya kwanza ya aina yake nchini. Leo ziko zaidi ya 140, na bodi ni za wenyeji. Bibi anayekwepa hospitali huenda huko kwa kuwa wa mapokezi ni mpwa wake. Kila mwaka wana haki ya kupimwa mwili mzima: sukari, presha, figo, macho, masikio. Jimbo la Queensland kuna mpango uitwao Deadly Choices, ukimaliza kupimwa unapewa fulana, na watu wazima wanavyozigombania hizo fulana utashangaa. Halafu huduma za wazee wao huanza kuzipata wakiwa na miaka 50, wengine mpaka 65, kwani maradhi huwawahi.

Kundi letu ni la mazoezi ya kuzuia kuanguka, kwa mtindo wa programu ya Ironbark: mazoezi kidogo, kisha duara la mazungumzo. Wanasema wanakuja kwa mazoezi. Uongo mtupu, wanakuja kupiga soga! Kuna shangazi mmoja (huku nako mzee huitwa shangazi au mjomba hata kama si wako) hushika mgongo wa kiti, anainuka kwa visigino, anashuka, huku anamsema jirani aliyemla kwenye bingo. Zamani alikuwa hanyanyuki kitini bila kuvutwa mkono. Sasa anafunga vifuko vya uzito vifundoni na kuwakemea wavivu. Nesi akitaja dawa za sukari, wenzake humgeukia yeye kwanza kuona uso wake unasemaje.

Kwa hiyo achana na bango. Mtafute bibi anayesikilizwa na wote hapo mtaani, umwombe baraza yake alasiri, kahawa na kashata ziwepo. Kipimo kisitoke mkobani mpaka vikombe vizunguke, na mkono wa kwanza uwe wake.

Picha za mazoezi ya kiti nitakutumia kwa WhatsApp. Ya visigino wasifanye bila kitu cha kushika. Na hicho kipimo chako bado kinakula betri? Niambie, nikutafutie cha kuchaji.

Nisalimie mama.

Wako,
Zuhura