Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: tupime pia faida ya picha tunazopiga

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Ninakuandikia kwa heshima nikiwa mteknolojia wa mionzi ambaye kwa miaka kumi na minne nimesimama nyuma ya kioo chenye madini ya risasi kinachozuia mionzi katika hospitali za wilaya, nikiwapiga wagonjwa picha. Ninaiomba Wizara isiishie kuhesabu picha tunazopiga, bali ianze kuuliza ni ngapi kati ya hizo zilizobadilisha matibabu ya mgonjwa.

Kilichonisukuma ni karatasi ya kipimo niliyoipokea hivi karibuni, ambayo kwenye nafasi ya maelezo ilikuwa na maneno mawili tu: "maumivu mgongo". Aliyeileta ni mama mkulima aliyeumwa kiuno kwa wiki mbili baada ya kubeba magunia. Hakuwa na homa, hakupungua uzito, miguu ilikuwa na nguvu na haja zote alizipata vizuri. Fedha ya kipimo aliifungua kwenye fundo la pembe ya khanga. Nilimpiga eksirei, na majibu yakasema pingili zimechakaa kidogo. Akapewa dawa zilezile za maumivu ambazo angepewa bila picha, ila aliondoka akiamini kwamba uti wake wa mgongo umeharibika na kwamba asishike jembe tena.

Uchakavu huo huonekana hata kwa watu wasioumwa chochote, na huongezeka kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo kuuona pichani hakuthibitishi kwamba ndio chanzo cha maumivu. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa wa kiuno wasio na dalili za hatari zimeonyesha kwamba waliopigwa picha mapema hawakupata nafuu kuliko wasiopigwa.

Sitaki nieleweke kwamba ninazidharau picha, kwa maana ndizo kazi yangu. Mtu aliyepooza upande mmoja ghafla anahitaji siti skani haraka, kwa sababu hakuna daktari anayeweza kwa kumchunguza kitandani tu kutofautisha kwa yakini mshipa wa ubongo uliopasuka na ulioziba, na dawa inayomfaa huyu inaweza kumuua yule. Vilevile, Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane na mapacha wagunduliwe mapema. Hata hivyo, nimewapokea wajawazito waliofikia kipimo hicho kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na uchungu, na wahudumu wa kuwapima ni sisi haohao tuliokuwa tumeshikwa na foleni ya viuno.

Namna ya kutathmini ipo. Mwaka 1991 watafiti Fryback na Thornbury wa Marekani walieleza ngazi sita, zinazoanza na ubora wa picha na usahihi wa majibu, kisha zikapanda kuuliza kama picha iligeuza mawazo ya daktari, kama iligeuza matibabu, kama mgonjwa alinufaika, na kama jamii ilipata thamani ya gharama. Katika vituo nilivyofanyia kazi, ukaguzi huishia ngazi ya kwanza. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua usalama wa mashine, na ni kazi ya lazima, lakini siti skani moja ya tumbo, hata kwenye mashine iliyo salama kabisa, humpa mgonjwa mionzi inayoweza kulingana na eksirei mia moja za kifua.

Ninajua kwa nini madaktari huandika vipimo hivi: foleni ni ndefu, mgonjwa mwenyewe huona hajatibiwa bila picha, na kituo kinahitaji mapato. Ndiyo maana siwalaumu, bali naomba wapewe mwongozo. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni za kifundo cha mguu ambazo hutumia kidole gumba cha kubonyeza mfupa na hatua nne za kutembea ili kuamua nani apigwe eksirei. Kanuni za namna hiyo zipewe nafasi pana katika Mwongozo wa Taifa wa Matibabu.

Pia fomu ya kipimo iwe na mistari miwili ya lazima: swali ambalo daktari anataka lijibiwe, na hatua atakayochukua kulingana na jibu. Kila mwezi hospitali ichague fomu chache na kuzilinganisha na mafaili ya wagonjwa. Matokeo yake yasitumiwe na bima kuwakatalia watu huduma, hasa sasa tunapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Yarudi kwa madaktari na kwetu.

Iwapo Wizara itataka kituo cha kufanyia majaribio, niko tayari kuanza na fomu zinazopita mikononi mwangu.

Wako katika utumishi,
Mteknolojia wa mionzi, hospitali ya wilaya